Paka Aliyeambiwa Afunge

Ramadhani hii, katika duka la dawa hapa Mtongwe, bibi mmoja mbele yangu aliweka kikapu juu ya kaunta akakifunua taratibu. Ndani alilala paka mweupe, macho yamelegea.

“Mwanangu, paka wangu tumbo lamwendesha tangu jana,” akamwambia muuzaji. “Na kwangu hali ila samaki wa kuchemsha, wallahi.”

“Dawa za watu usimpe, bibi. Leo mpe maji tu, apumzishe tumbo. Kesho wali laini na samaki asiye na chumvi. Tui asilionje kabisa.”

Mama mmoja nyuma yangu akachungulia kikapuni. “Mbona huyu ni paka wangu? Jana kafuturu kwangu, samaki wa kupaka, tui tele!”

Wote wawili wakanigeukia, maana nilikuwa nimeanza kunyemelea mlangoni. Nikakiri kwamba kwangu alikula viazi vya nazi.

Tukaahidiana pale pale: leo paka hapewi kitu.

Jioni, nimeshamaliza tende na uji, paka akaja akakaa mbele ya sinia langu, ananitazama. Mtu aliyeshinda na njaa atamnyimaje? Nikainama nimpe kidogo tu. Masharubu yake yalikuwa yameshaloa tui la kwingine.