Vidole vya Baba Mbele ya Kioo

Mimi ni mtu wa simu. Naweza kukaa jioni nzima katika nyumba ninayopanga Mlolongo, malori yakinguruma huko chini barabarani, nikisoma maoni ya wanunuzi kuhusu simu ambazo sina mpango wa kuzinunua: betri inadumu vipi, kamera inaonaje penye giza, kioo kinasomeka juani au hakisomeki. Nilianza nikiwa chuo kikuu, na sasa mvi zimeanza kujitokeza nami sioneshi dalili yoyote ya kupona ugonjwa huu. Saa iliyo mkononi mwangu huniambia kila asubuhi kwamba sikulala vyema, nami huiamini hata nikiwa nimeamka mchangamfu. Kwa hiyo nikisema kwamba waliotengeneza vifaa hivi hawakumfikiria baba yangu, yasichukuliwe kuwa maneno ya mtu anayevichukia.

Baba ni mchongaji wa vinyago huko Wamunyu. Tangu nipate akili nimemwona katika kibanda chake cha mabati, kipande cha mti wa mukau kikiwa kimebanwa katikati ya magoti. Kuchonga ni kazi ya asubuhi. Alasiri ni ya msasa: kusugua twiga, kusugua kifaru, kusugua bakuli, hadi mti usahau kwamba uliwahi kuwa na magome. Vumbi lake jembamba huelea humo kibandani, jua likipenya kwenye matundu ya misumari, na anayekaa hapo kwa muda hujikuta anasinzia bila kujua usingizi ulimjia saa ngapi. Nikiukumbuka utoto wangu, sehemu kubwa yake ina rangi ya vumbi hilo.

Lakini msasa hausugui mti peke yake. Miaka imeifuta mistari yote ya vidole vya baba, na mahali pake imeacha ngozi ngumu, kavu, inayong'aa kama mpini wa jembe la zamani.

Dada yangu mdogo alipokwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, mama akiwa ametutoka mwaka uliotangulia, nilimnunulia baba simu ya kisasa ili waonane. Niliichagua kwa makini yangu yote: kioo kipana, betri ya kudumu, sauti kubwa inayofaa masikio ya mzee. Nikaifikisha nyumbani, nikamwomba aweke kidole ili simu imtambue. Ikamkataa. Tukajaribu kingine, na kingine, na cha mkono wa pili. Nikaiondolea kufuli kabisa. Hata hivyo, dada alipopiga, kioo hakikuhisi kwamba kuna mtu anayekigusa. Baba alisukuma kidole juu yake, akakaza, akasukuma tena, na simu ikalia mpaka ikachoka.

"Inaona mimi si mtu," alisema.

"Si wewe, baba. Ni kioo."

"Basi kiambie. Wewe ndiwe ulisoma."

Nikaenda dukani mjini Machakos, nilikoinunua. Mwanamke aliyeniuzia alinisikiliza akiwa ameegemea kabati la vioo.

"Kwani mzee wako ako na vidole vya mbao?"

"Ni mchongaji."

"Aah! Basi mpake mafuta. Mafuta ikikataa, mnunulie hii kalamu."

Mafuta yalimfanya ateleze kwenye patasi, akayakataa siku hiyo hiyo. Kalamu ya kugusia kioo ilimezwa na mabaki ya mbao, na nadhani ilifagiliwa ikaishia jikoni, ikawashiwa moto.

Ndipo kazi ya kupokea simu ikamwangukia mke wa kaka yangu, anayeishi pale bomani. Kila Ijumaa alasiri, dada anapopumzika, alikuja akijifuta mikono kwenye leso, akapitisha kidole mara moja tu, kisha akaishika simu mbele ya baba kwa mkono ulionyooka. Ni mwanamke mwema. Kwetu mkaza mwana hakai bega kwa bega na baba mkwe wake, basi alisimama mbali kadiri mkono ulivyoruhusu, uso ameuelekeza kwenye zizi la mbuzi, masikio yakiwa pale pale. Kumwomba aondoke kungekuwa kumwambia kwamba kuna asichostahili kusikia, na baba hawezi kumvunjia heshima mtu anayempikia.

"Mwaitu," baba angeanza, kwa maana dada amepewa jina la nyanya yetu, naye humwita mama. "Uko salama?"

"Salama, baba. Huko mvua imenyesha?"

"Kidogo. Unakula?"

"Nakula sana."

"Haya basi."

Na kioo, ambacho nilikisifu kwa wenzangu kazini kwa jinsi kinavyotoa rangi za kweli, kilimwonyesha baba mifupa ya mashavu ya dada ikitokeza zaidi kila mwezi.

Jumapili moja, tukitoka kanisani, baba alinishika mkono, jambo ambalo halifanyi.

"Huyo mtoto ananificha," alisema. "Nataka nimuulize kama anataka kurudi. Lakini nimuulize nikiwa peke yangu. Mbele ya watu atasema salama mpaka azikwe huko. Wewe ungesema?"

Mimi humpigia dada nipendapo, na hata mimi huniambia salama, kisha huniuliza bei ya simu mpya.

Ijumaa iliyofuata sikwenda kazini. Nilikuwa nimeketi kwenye kizingiti cha jikoni huko nyumbani Wamunyu, nusu macho, joto la alasiri limelalia kila kitu, hata kuku. Mke wa kaka alikuwa amekwenda sokoni. Simu ikaanza kulia kibandani. Niliinuka ili nikampokelee, nikasita. Kupitia mlango ulio wazi nilimwona baba ameichukua. Alijaribu kidole gumba. Akajaribu kifundo cha kidole. Akakifuta kioo kwenye shati, akakitazama kwa muda, kisha akakisogeza usoni polepole, kama mtu anayenusa maziwa kujua kama yameharibika, na kwa ncha ya pua akakisugua kuelekea juu.

Mlio ukakatika.

"Baba!" Sauti ya dada ilitoka kubwa, imejaa kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu aondoke. "Naona pua tupu!"

"Pua ni yangu. Ngoja nirudi nyuma."

"Uko na nani hapo?"

"Niko peke yangu. Mwaitu, sikiliza. Niko peke yangu."

Niligeuka, nikashuka kuelekea shamba la mbaazi, ili neno lake liwe kweli.

Huko chini kulikuwa kimya kama mahali palipoachwa ndani ya ndoto. Maua ya mbaazi yalikuwa yamefunguka, nyuki wakizunguka bila haraka, na mbingu ya Ukambani ilikuwa ile nyeupe isiyoahidi chochote. Niliwaza maoni yote niliyowahi kuyasoma, mamia ya wanunuzi wakibishana kuhusu unene wa simu na wepesi wake, na sikukumbuka hata mmoja aliyeuliza kama mzee anaweza kuwa faraghani na mtoto wake ndani ya kitu kile. Mimi mwenyewe sikuwa nimeuliza. Kama ningeandika yangu siku ile, ningesema: sauti nzuri, betri nzuri, kioo kinapendelea watu wa ofisini, pua inakubaliwa. Sijui ningeipa nyota ngapi. Nilijilaza kwenye mtaro wa shamba, nikaivua saa na kuitia mfukoni, nikaacha alasiri inipite.

Niliporudi baba alikuwa anasugua shingo ya twiga.

Jioni, mke wa kaka alipotuletea chai, ndipo baba aliposema, akituambia sote wawili kwa pamoja:

"Yale magunia ya mahindi mliyoweka chumbani kwa dada yenu. Kesho myatoe."

"Tuyapeleke wapi, baba?" mke wa kaka akauliza. "Ghalani kumejaa."

"Hata kibandani kwangu. Nitachongea nje."

Mke wa kaka alinitazama, kisha akamtazama yeye, na birika likabaki limeinama mkononi mwake bila kumimina.

"Kwani anarudi lini?"

"Waliomwajiri wanamtafutia ndege," baba alisema. "Mimina chai."