Wimbo wa Kugeuza Ndagala

Kitabu chenyewe hakina jalada. Nilipewa na padri mmoja wa Moba aliyekuwa anahamishwa. Kimeandikwa kwa Kifaransa, nacho kinasimulia maisha ya mtunzi wa muziki wa Ulaya, wa karne ya kumi na tisa, mwana wa msaga ngano.

Mtunzi huyo alikwenda mjini kusoma, akajikaza kutunga kama wakubwa wa mjini, nao wakubwa wakamcheka vilevile. Mama yake alipougua, akarudi kijijini. Huko akawasikia wanawake wakiimba shambani wakati wa kuvuna, akatambua kwamba alikuwa anaomba kwa watu wa mjini kitu kilichojaa kijijini kwake. Tangu siku hiyo alitembea vijiji kwa miguu, akaketi jikoni kwa vikongwe, akaandika nyimbo zao. Nilimpenda mtu huyo kama ndugu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kalemie, mtoto wa fundi wa reli, kiongozi wa kwaya ya parokia; nikajiona ni yeye kabisa, ila mweusi na asiye na piano.

Jambo moja tu lilinichekesha. Alikuwa na madaftari mawili: moja la wimbo kama alivyousikia, la pili la wimbo kama alivyoutengeneza. Nikasema, huyu mzungu karatasi zilimzidi.

Mama yangu alikuwa Mtabwa. Asubuhi alianika ndagala, dagaa wa Ziwa Tanganyika, mchangani, na alipozigeuza aliimba wimbo aliofundishwa na mama yake, wa msichana aliyeolewa ng'ambo ya ziwa asirudi. Mwisho wa kila mstari sauti yake ilishuka, ikatua mahali ambapo mimi sikuwa na jina lake, kati ya noti za solfa, si fa wala si mi. Najua kwamba ilishuka. Wapi hasa ilitua, sikumbuki, na ndiyo maana naandika haya.

Nilikaa naye na daftari langu moja. Niliandika, nikajaribu kwenye kinanda cha kanisa, kinanda kikakataa.

"Mama, hapa unakosea. Unashuka sana."

Akacheka. "Bibi yako njo aliniimbisha vile."

"Bibi hakusoma solfa."

Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu. Nikafuta kwa raba, nikaweka mi. Kisha nikamfundisha wimbo wake mwenyewe siku tatu, nikimkatisha kila aliposhuka. Alijivunia mno kuwa na mwana msomi, kwa hiyo alijifunza kama mtoto wa darasa la kwanza. Baada ya hapo hata kwenye ndagala aliimba wa kwangu. Majirani wakiimba naye ule wa zamani, aliwarekebisha mpaka nao wakauacha: "Hapana, si vile. Mutoto wangu alisema ni hivi." Kwaya ikauimba Pasaka, watu wakapiga vigelegele, nami nikainama mbele yao kama bwana mkubwa.

Mama alifariki mwaka jana, wakati wa mvua. Kwenye kilio kwaya iliuimba wimbo huo, sauti nne, bila kosa hata moja. Mdogo wake, mama yangu mdogo, alikuwa amefika kwa boti kutoka Moba. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniita pembeni.

"Muliimba muzuri, mutoto wangu. Lakini ule wa mama yetu, mutauimba saa ngapi?"

"Njo ule, Mama."

"Hapana." Akaanza kuuimba mwenyewe. Alipofika mwisho wa mstari akanyamaza. Akaanza tena, akakwama palepale. "Mie nilikuwa mudogo sana. Dada njo alikuwa anaujua. Aliniambia wewe uliuandika mu kaye, ndiyo nikatulia."

Nikaleta hiyo kaye, daftari langu lile. Nikainua ukurasa kwenye mwanga wa mlango nitafute alama ya penseli. Raba ilikuwa imelainisha karatasi pale, na hapakuwa na kitu. Nilitamani kumpiga mtu, na wa kupigwa nilikuwa mimi. Majuto ni mjukuu, na wangu ameshakuja kukaa nyumbani.

Ndipo nikakumbuka simu. Nilikuwa nimemrekodi mama siku ile ya tatu ya kumfundisha. Tuliinamisha vichwa juu yake, mimi na mama mdogo. Sauti ikatoka, yake hasa, na nyuma yake mchakacho wa ndagala zikigeuzwa. Mama mdogo akafumba macho. Mstari ukafika mwisho, na mama akatua kwenye mi, imenyooka, safi, kama nilivyotaka.

Halafu akauliza, humo ndani ya simu: "Niko sawa sasa?"

Nami najisikia nikimjibu: "Ndiyo, Mama. Sasa umejua."

Mama mdogo akaniomba nizime.