Anayesimulia Hachambui

Watu wakisikia nilipenda kusoma tangu utoto wangu kule Baraka, wanafikiri nilikuwa mtoto mwenye nafasi. Nafasi ya wapi. Miaka ile ya hamsini, Mbelgiji bado anatutawala, kila nyumba ilikuwa na shamba lake la pamba, upende usipende. Na pamba haikuvunwa ikaisha. Ilianikwa, ikachambuliwa, nyeupe huku, yenye madoa kule, na moniteri wa pamba, yule mkaguzi wa serikali, akikuta zimechanganyika, baba yangu alitukanwa mbele ya watoto wake. Kiangazi chote vidole viliniuma. Hata leo nikiona pamba kwa muuza dawa nasikia kuchoka.

Bamama wa kwetu walikuwa na sheria moja tu ya huruma: anayesimulia hachambui. Fungu lake wenzake wanagawana, mradi maneno yasikatike na usingizi usiwashike. Mimi, msichana wa miaka kumi na mitatu hivi, sikuwa na hadithi ambayo nyanya hajaisimulia mara mia. Lakini nilikuwa na kitabu. Mjomba aliyefanya kazi kwenye meli alikileta kutoka Kigoma, hakina jalada, na Kiswahili chake kilikuwa cha ng'ambo, cha kujinyoosha. Nilikuwa nakigeuza kuwa chetu palepale nikisoma. Nilikipenda kweli, lakini zaidi nilipenda kukaa bila kuinama.

Kilimhusu msichana wa mji fulani aliyependa vitabu kuliko chakula. Akashikwa na homa, akafa, akazaliwa upya katika nchi isiyo kwenye ramani yoyote, ambako miti huota majani yenye maandishi na mvua hunyesha kutoka chini kwenda juu. Kazi yake kule ilikuwa moja, kukaa kwenye kivuli na kusoma.

"Hapiki?" bamama wakauliza.

"Hapiki."

"Maji je?"

"Maji inamufuata yenyewe."

Wakacheka mpaka pamba ikawadondoka. Mama yangu akasema nchi ile ikipatikana, tumupeleke moniteri kule akahesabu majani.

Aliyekuwa hacheki ni wifi yangu, muke wa kaka. Mtoto wake wa kwanza, msichana, alikuwa amekufa kwa surua wakati wa mvua, na sasa wifi alikuwa na mimba kubwa. Nyumbani kwetu mtoto anayemfuata marehemu huchukua jina lake, ili aliyekwenda apate mlango wa kurudia. Nyanya hakungoja hata azaliwe. Alikuwa analiita tumbo la wifi kwa jina la yule mtoto, analiuliza kama limelala vizuri. Kaka naye alianza tena kupiga mluzi asubuhi, jambo ambalo hatukulisikia tangu msiba. Wifi, jina lile likitajwa, alikuwa anainamia pamba yake tu.

Siku moja tukafika pahali pagumu pa kitabu. Yule msichana hakusahauliwa nyumbani. Mama yake wa kwanza alimlilia, na kila alipomwita kwa jina, kule kwenye nchi ya miti maandishi yalififia juu ya majani, mtoto asiweze kusoma. Nilipita pale haraka, nafikiria mgongo wangu. Wifi akasimamisha mikono.

"Wifi, soma tena pale."

Nikasoma tena.

"Na mama yake anajua?"

"Hajui. Yeye analia tu, anaita."

"Hakuna muntu wa kumwambia?"

"Hakuna."

"Mwanangu, ile ni kitabu tu," mama akamwambia kwa upole.

"Najua, mama. Mi nauliza tu."

Akazaa mwisho wa kiangazi. Msichana, na paji la uso ni lilelile la marehemu. Hapo nyumba nzima ikasadiki. Siku kitovu kilipodondoka tulikusanyika, nyanya akampakata mtoto, akafungua mdomo kumwita jina. Wifi akamziba kwa kiganja. Mdomo wa nyanya, mbele ya watu. Niliomba ardhi inimeze.

"Unisamehe, nyanya," wifi akasema. "Huyu tumupe jina ingine."

Kaka akasimama. "Unafungia mutoto wangu mulango?"

"Arudi kufanya nini?" Sauti ya wifi haikuwa na hasira, ilikuwa imechoka tu. "Arudi achambue pamba? Angalia vidole ya dada yako. Mukimupa huyu jina ile, tutaiita asubuhi, tutaiita kwenye maji, tutaiita wakati ya chakula. Kutwa nzima. Sasa yeye kule atasoma saa ngapi?"

"Mutoto wetu hakujua kusoma," kaka akasema. "Alikuwa na miaka inne."

"Basi njo kule anajifunza."

Kaka akanigeukia, nikajua leo napigwa. Lakini aliketi chini akalia, mtu mzima, bamama wote wanamtazama. Nilimkasirikia sana wifi. Alikuwa amemnyang'anya mumewe tumaini lake la mwisho, tena kwa maneno niliyoyasoma mimi ili nipumzike. Nyanya, ambaye alizika watoto wake kadhaa na akawaita wote warudi, alimwangalia wifi, kisha yule mtoto mapajani. Mwishowe akamwinua mtoto akampa jina la mama yake yeye mwenyewe, mwanamke wa zamani tusiyemjua. Watu wakaenda kula.

Mvua za kwanza ziliponyesha tukarudi shambani kupanda pamba nyingine. Kaburi la yule mtoto lilikuwa kando ya njia, na kabla ya kuzaa wifi hakuwahi kupita pale bila kumsalimu kwa jina, kwa sauti, kama mtu anayepita kwa jirani. Asubuhi ile nilikuwa nyuma yake na mbegu kichwani, mtoto mchanga amelala mgongoni mwake. Alipofika pale akapunguza mwendo. Mdomo ukamfunguka. Akaingiza ncha ya kikwembe alichojifunga katikati ya meno, akaiuma, akapita.