Shangazi Tusekile na Neno la Ukurasa wa Pili

Wiki iliyopita nilifungua katoni la sahani hapa nyumbani Mbugani, na kabla sijaziona sahani zenyewe, ikanipanda puani harufu ya gazeti lililoloa likakauka. Nikaketi sakafuni. Ungenikuta ungedhani nimepokea habari mbaya, kumbe nilikuwa nimemkumbuka shangazi yangu tu.

Shangazi Tusekile, dada wa baba, alikuwa mfinyanzi wa Ikombe, kule ambako milima inaingia ziwani moja kwa moja na njia ya kufika ni mtumbwi kutoka Matema. Kila likizo nilipelekwa kwake. Alikuwa na elimu ya darasa la saba, viganja vilivyopasuka kwa udongo, na ugonjwa mmoja uliojulikana kijiji kizima: alipenda maneno magumu ya Kiingereza. Aliyaokota kwenye magazeti ya Malawi. Wafanyabiashara waliyaleta yakiwa yamefungia sabuni, naye akayatumia kuviringishia vyungu ili visichubuane safarini. Ila kabla ya kuviringisha, lazima asome.

Tulijifunza neno moja kwa wiki. "Neno si usipa," alikuwa akiniambia, akimaanisha vidagaa vya ziwani. "Ukilivua leo, kesho halijaoza. Kaa nalo."

Basi tulikaa nalo. Wiki ya "reluctant", yaani mwenye kusitasita, mbuzi aliyegoma kuvuka kijito aliitwa hivyo, na mimi niliyeogopa maji ya asubuhi nikaitwa hivyo pia. Wiki ya "abundant", jirani aliyeuliza habari za usipa alijibiwa kwamba leo ni "abandanti fijo", yaani tele mno, akacheka hadi akatua ndoo chini. Mimi, mtoto wa mjini wa darasa la sita, nilimwonea aibu kidogo kwa matamshi yake. Nilijidai pia, maana mara nyingine mimi ndiye niliyempa maana.

Neno "exclusive" nilimfafanulia mimi. Lilikuwa kwenye tangazo la hoteli, lenye picha ya vitanda vyeupe na bwawa la kuogelea. Nikamwambia bila kusita: maana yake ni kitu cha kifahari. Wiki nzima kila chungu kilichotoka motoni bila ufa kikawa "eksklusivu".

Likizo hiyohiyo akaja mnunuzi mgeni, pamoja na kijana mkalimani. Alitaka vyungu vingi, tena kwa miaka mitano. Wanawake wakapiga vigelegele. Kijana akaeleza kwa Kiswahili yaliyoandikwa kwenye karatasi, kikatolewa kibweta cha wino, na Mama Subilaga, jirani yetu, akawa wa kwanza kuchovya kidole gumba. Shangazi akaomba kuisoma kwanza.

Alisoma polepole, midomo ikitembea. Kwenye ukurasa wa pili kidole chake kikasimama. Nikachungulia. Lilikuwa neno letu, limeongezewa herufi mbili mwishoni: "exclusively".

"Shangazi, ni lile letu!" nikamnong'oneza. "Anasema ni biashara ya kifahari."

Hakutabasamu. Akamgeukia mkalimani. "Mwanangu, neno hili linafanya kazi gani hapa?"

"Ni namna tu ya kuandika, mama. Mtamuuzia vyungu kwa miaka mitano."

"Hayo ulikwisha kuyasema bila neno hili."

Kijana akafunua ukurasa uliofuata. Mama Subilaga akainua kidole chake chenye wino. "Tusekile, utatufukuzia mteja kwa sababu ya magazeti yako!" Wengine wakaguna, mmoja akacheka.

"Sijui maana yake," Shangazi akasema, kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Na nisichokijua sikitii sahihi. Nipeni hadi jioni."

Mgeni aliangalia saa, lakini akakubali.

Tukapanda mtumbwi na karatasi ile kwenda Matema. Kulikuwa na mawimbi, na Shangazi alipiga kasia njia nzima bila kupumzika. Nilidhani anaiwahi jioni tu. Tulikwenda kwa mwalimu mmoja mstaafu, mama aliyeuza maandazi barazani kwake na kutunza kamusi nene iliyofungwa kwenye khanga. Alinawa mafuta mikononi, akasoma karatasi yetu, ndipo akaifungua kamusi.

"Kwa mnunuzi huyu peke yake," akatuambia. "Bila mwingine yeyote."

Shangazi akamwomba arudie. Kisha akauliza, "Kwa hiyo Jumamosi, tukipeleka vyungu sokoni?"

"Hamtauza hata kimoja."

Nilitamani ardhi inimeze. Mwalimu akatueleza kwamba hata hoteli ile ilikuwa hivyohivyo: mahali pa wachache, wengine wasiingie. Shangazi akanishika bega. "Hukukosea sana," akasema. "Uliutazama mlango ukiwa upande wa ndani."

Tuliporudi aliwaeleza wenzake, na safari hii hakuna aliyecheka. Mkalimani akamweleza mgeni, wakaongea kwa muda mrefu, kisha mgeni akatoa kalamu na kulikata neno lile. Vyungu akavinunua. Wakati wa kuondoka kijana alimjia Shangazi, akainamisha kichwa. "Mama, nisamehe. Hata mimi sikulijua." Shangazi akamwambia "ndaga", asante kwa lugha ya kwao, akampa ndizi za njiani.

Mgeni yule alirudi mara mbili tu, halafu hatukumwona tena. Wanawake wa Ikombe wakaendelea kuvusha vyungu vyao kwenda sokoni kila Jumamosi, kama kawaida.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama kisa cha mwanamke aliyejua Kiingereza. Hadi Mama Subilaga, akiwa amezeeka, aliponiambia nisilolijua: vyungu vingi vilivyosubiri mteja siku ile vilikuwa vya Shangazi, na kwa vyungu hivyo alimwahidi baba kwamba nitakwenda sekondari. Mgeni angekasirika na kuondoka, wa kwanza kuumia angekuwa yeye. Na alijua kwamba huenda neno lile lisingekuwa na ubaya wowote, akabaki kichekesho cha kijiji.

Leo kazi yangu ni kutafsiri. Nina kamusi nyingi kuliko sufuria. Bado nikikutana na neno nisilolijua mbele ya watu, hutafuta namna ya kulipita kimyakimya, kama kijana yule. Shangazi Tusekile alisema "sijui" mbele ya watu wote waliomwonea aibu, na mimi nilikuwa mmoja wao, nimesimama karibu naye kuliko wote.