Sauti ya Inshirah

Kwa miaka mingi Inshirah Abdel-Shafi alipokea simu za wateja katika kampuni moja ya malipo kwa simu pale Dokki, Kairo. Walioibiwa, waliotuma pesa kwa namba isiyo sahihi, waliokuja juu wakiporomosha matusi, wote aliwatuliza. Alikuwa na sauti ya taratibu, ya kumfanya mtu aone haya kuendelea kufoka.

Siku moja meneja wake, Bwana Tamer, akamwomba asome sentensi mbele ya kipaza sauti.

"Ni za kufundishia wafanyakazi wageni, dada. Hakuna kama wewe."

Akasoma wiki nzima mpaka koo likamkauka, na karatasi aliyopewa akaitia saini.

Baada ya Idi wafanyakazi wote wa simu waliitwa ukumbini, wakakuta keki. Wakaambiwa sasa mashine ndiyo itakayojibu wateja, wao wanashukuriwa. Keki hakuna aliyeigusa.

Haukupita muda, kadi ya malipo ya mama yake, ya kampuni ile ile, ikafungwa. Mama akaipigia kampuni, Inshirah yuko jikoni anakaanga taamiya, bajia za maharage.

"Karibu, mimi ni Nur. Nikusaidie nini?"

"Inshirah? We mtoto, si uko jikoni?"

"Samahani, sijakuelewa."

"Hunielewi mimi niliyekuzaa?"

Inshirah akasogea kusikiliza. Ilikuwa sauti yake, hata ile pumzi ndogo anayovuta kabla ya kusema pole.

Kesho yake alimkuta Tamer mapokezi ya kampuni.

"Ulitia saini, dada."

"Mlisema sentensi ni za kufundishia wageni!"

"Si ndiyo? Mgeni tumemfundisha."

"Usinichezee, Tamer! Nani ataniajiri kupokea simu, na mimi nafanya kazi kwenu bure usiku na mchana?"

Wateja kwenye foleni wakageuka. Mzee mmoja akamnyooshea kidole. "Ndiye huyu! Ndiye anayeniambia kila siku hanielewi!"

"Si mimi, haji," Inshirah akasema, machozi yakimlenga. "Mimi ningekuelewa."

Walinzi wakamtoa nje. Akaenda moja kwa moja kwa wakili, akafungua kesi.

Baadaye Tamer alimpigia, sauti imelainika: wateja wanalalamika, zinahitajika sentensi zaidi za kuomba radhi, safari hii kwa malipo mazuri.

"Waombeni radhi kwa midomo yenu," akamjibu, akakata simu.

Siku hizi anaandikisha wagonjwa katika zahanati ya mtaa wa Shubra. Kesi inaahirishwa tu, na Nur bado anapokea simu. Mama amehamishia pesa zake benki ya posta, anakogombana na makarani ana kwa ana.