Injini Yenye Jina la Sekela

Mimi si mtu wa kuhangaika na habari za mizimu. Nimebatizwa, naimba kwaya, na mume wangu ni mzee wa kanisa. Kwa hiyo ukitaka kucheka, cheka tu, nimeshazoea. Lakini haya yalinitokea mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu, ndani ya duka letu hapa Tunduma. Ningefurahi sana kama ungekuwa uongo. Uongo ungeniacha nilale.

Mume wangu, Baba Neema, ni fundi wa injini. Siyo za magari haya ya siku hizi yanayopimwa kwa kompyuta. Yeye ni wa magari ya zamani: Landrova 109, Pijo, Datsun za enzi za baba zetu. Huku kwetu magari hayo hayajafa. Mengine bado yanabeba maharage kutoka milimani Ileje na kahawa kutoka Iyula. Mengine yamefunikwa turubai nyuma ya nyumba, mtoto wa marehemu anataka kuyafufua kwa kumbukumbu ya baba yake. Na wote wanalia kilio kimoja: injini iliyosukwa upya, ya kuaminika, utaipata wapi? Hapa ni mpakani. Spea zinaingia na kutoka, na matapeli wanaingia nazo. Utauziwa injini imepakwa rangi ya fedha, inang'aa kama sufuria ya bi harusi, ukifika Mlowo imeshaanza kugonga kwa ndani.

Sisi, nilikuwa nasema, siyo hao.

Nilikuwa nasema mimi, maana Baba Neema hana maneno. Mdomo wa duka ulikuwa wangu. Mteja akiuliza, "Mama, hii nzima?" nilikuwa naipiga injini kwa kiganja, kama mtu anayesifia ng'ombe wake, najibu, "Hii nzima. Kaifunga mume wangu kwa mikono yake." Na watu walikuwa wanaondoka wakiwa wameridhika. Walikuja mpaka wa ng'ambo, Nakonde na kuendelea mbele huko.

Mmoja wao alikuwa bwana Mulenga, Mzambia, mtu mzima mwenye kofia ya manyoya na heshima nyingi. Alikuwa na Landrova ya marehemu baba yake, ameinyoosha bati, ameipaka rangi, viti vipya, kila kitu. Ilibaki injini tu. Binti yake alikuwa anaolewa, na alitaka aingie kanisani akiwa kwenye gari la babu yake. Alikuwa ameshatapeliwa mara mbili na watu wengine. Kwetu aliizunguka injini iliyokuwa inaning'inia kwenye mnyororo, akaniangalia mimi.

"Ba mayo," aliniambia, ndivyo wanavyomwita mama kwa heshima, "mimi injini siijui. Mimi nanunua neno lako."

Nikaipiga kwa kiganja. Nikasema, "Nzima."

Aliahidi kuja kuichukua Jumatatu.

Jumapili yake Baba Neema alikuwa msibani Mbeya. Mvua ilikuwa inanyesha, ile ya kwetu isiyo na haraka, na ukungu umeshuka mpaka kwenye paa za maduka. Baada ya ibada nilipita dukani kufagia, ili mgeni akija kesho akute pasafi. Mtaa mzima ulikuwa umefungwa. Niliingia nikashusha komeo la mlango kwa ndani, maana nilikuwa peke yangu, nikawasha taa.

Nilipogeuka kuchukua ufagio, mzee mmoja alikuwa amesimama karibu na ile injini.

Jiulize ungefanya nini. Mimi nilidhani komeo halikukaa vizuri. Nilidhani ni mteja aliyekimbia mvua. Alikuwa amevaa koti la kijivu, kitufe cha juu hakipo, na mikono ameitia mifukoni. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka na safari, basi. Hakuwa na kitu cha kutisha, niamini. Kilichonishangaza ni harufu. Nje kulikuwa na mvua na matope, lakini yeye alinukia vumbi la kiangazi na breki zilizoungua.

"Shikamoo, baba," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Fundi yupo?"

"Kasafiri. Rudi kesho."

"Kesho mtakuwa mmeshaiuza." Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kindali cha Ileje, kile cha kuvuta maneno polepole. "Nimekuja kwa ajili ya injini hii. Ifungue chini."

Nikacheka. Nikamwambia injini hiyo ina mwenyewe, na imeshafungwa, na ni nzima. Ndiyo, hata yeye nilimwambia nzima. Aliniangalia kwa huruma. Huruma ile inaniuma mpaka leo, afadhali angenitukana.

"Ifungue, mwanangu. Mimi mikono yangu haishiki kitu."

Nilidhani amepooza. Kwa nini nilimtii? Sijui. Nimekaa na fundi miaka mingi, spana nazijua. Labda nilitaka kumuaibisha, aone kazi safi ya mume wangu kisha aondoke. Nikaweka karai chini, nikafungua nati za sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Oili ilishuka nzito kama uji wa ulezi. Hapo nikashtuka, maana oili nzito kiasi kile huwekwa kwa sababu moja tu: kuificha sauti.

"Beringi ya pili kutoka mbele," alisema yule mzee. Hakuinama kuangalia. "Angalia mgongoni kwake."

Beringi ni vile vipande laini vya chuma ambavyo mhimili wa injini unazungukia. Vikiisha, unanunua vipya vya saizi yake. Niliifungua ile ya pili ikaniangukia kiganjani, na mgongoni mwake ilikuwa imebandikwa karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, ile inayong'aa, imekunjwa vizuri ili kujazia pengo. Unaelewa maana yake? Injini ya hivyo itawaka, itanguruma vizuri sokoni. Lakini ipeleke mlimani na mzigo, karatasi inateleza, beringi inahama, mhimili unang'ang'ania, gari linazimika papo hapo.

Nikasema kwa sauti ya chini, "Hii siyo kazi ya mume wangu."

"Kwangua rangi hapo ubavuni," alisema.

Nikachukua bisibisi nikakwangua. Chini ya rangi ya fedha palikuwa na herufi zilizochorwa kwa msumari, za mtu asiyeandika mara kwa mara: SEKELA.

"Madereva tunaweka alama, tusibadilishiwe vitu gereji," alisema. "Mimi niliweka jina la mke wangu. Nilikuja hapa na gari zima, likiwa linavuja oili tu. Wewe ndiye uliyenipa kiti nikae."

Nilimkumbuka. Mungu wangu, nilimkumbuka sura yake, mzee wa Landrova ya abiria iliyokuwa inashuka na maharage mpaka soko la Mpemba. Alikaa kwenye kiti kile cha plastiki kuanzia asubuhi akisubiri gari lake, nikampa chai. Nilifungua mdomo niseme karibu, baba, umepotea sana. Hakuwepo tena. Harufu ya breki ilibaki peke yake. Nikaenda mlangoni, nikakuta komeo limeshuka vilevile nilivyolishusha mimi.

Baba Neema aliporudi jioni alinikuta nimekaa chini, beringi kiganjani, karatasi bado imenata mgongoni mwake. Alianza na ukali.

"Nani kakwambia ufungue kazi ya watu?"

Nikamweleza. Koti la kijivu, kitufe, lafudhi, jina ubavuni. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo alivyozidi kushuka, mpaka akakaa juu ya tairi kama mtoto aliyechapwa.

"Yule mzee alikufa," alisema. "Mlimani, anapandisha Ileje. Injini ilizimika, gari likaanza kurudi nyuma, breki zikashindwa. Aliwapigia kelele abiria waruke, wakaruka wote. Yeye hakuwahi."

Nikamuuliza karatasi ile ameiweka nani. Akasema, "Mimi."

Alisema beringi za gari lile zilikuwa hazipatikani. Msambazaji alileta feki, akaahidi nyingine, hazikuja. Mzee alikuwa na abiria wanamsubiri. Baba Neema akaweka karatasi ili mzee afike nyumbani tu, akamwambia arudi wiki inayofuata. Mzee hakurudi. Baada ya ajali, watu wa vyuma chakavu waliinunua ile injini wakaileta kwetu bila kujua imetoka kwa nani, na sisi bila kujua tukainunua.

"Halafu ukaifungua," nikasema.

"Nikaifungua."

"Ukaikuta karatasi yako."

Akaanza kulia. "Mama Neema, niliogopa kuitoa. Kuitoa ilikuwa ni kukubali kwamba nimemuua. Nikaikunja upya, nikairudishia, nikapaka rangi."

Sikiliza, sijawahi kumwonea mtu aibu kama nilivyomwonea mume wangu siku ile. Na aibu ya mume haikai kwake peke yake. Nilikumbuka kila mtu niliyemwambia nzima. Nilikumbuka Baba Neema akisimama mbele ya kanisa na kapu la sadaka, na mimi nyuma kwenye kwaya, nimenyoosha shingo.

Jumatatu bwana Mulenga alikuja na lori dogo na vijana wa kubeba. Baba Neema alisimama nyuma ya duka, hakuweza kutoka. Nilimwambia mimi. Nilimwonyesha karatasi, nikamweleza mzee aliyekufa ingawa sikumwambia nimemwona wapi. Alivua kofia yake akaishika kifuani. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ba mayo, injini hii ndiyo ingembeba binti yangu," akageuka, akawaambia vijana wapande gari. Sikuweza kumsindikiza hata mpaka mlangoni.

Siku hiyohiyo Baba Neema aliiburuza injini ile mpaka barabarani, akaivunja kwa nyundo. Majirani walitoka kuangalia. Walidhani tumegombana. Mama ntilie wa mkabala alinifuata akaniuliza kuna nini, nikamwambia, na kufikia jioni Tunduma nzima ilikuwa inajua. Wateja wakakata mguu. Kanisani mume wangu aliomba mwenyewe apumzike uzee wa kanisa.

Lakini hayo yote siyo niliyotaka kukusimulia. Niliyotaka kukusimulia ni ya Ileje.

Tulikwenda kumtafuta Sekela. Haikuwa vigumu, kila mtu njiani alimjua mjane wa yule dereva aliyewaokoa abiria. Mama mmoja kwenye gari tulilopanda alisema yeye alikuwa mmoja wa walioruka, akatuonyesha kovu la goti, akamsifu marehemu mpaka tunashuka. Sisi tumeinamisha vichwa.

Sekela tulimkuta anapepeta maharage uani. Mama mwembamba, kanga kiunoni. Alitukaribisha kabla ya kutuuliza sisi ni nani, akatuletea maji ya kunywa. Baba Neema hakuyagusa. Alipiga magoti palepale kwenye makapi ya maharage, akasema yote. Yule mama alisikiliza hadi mwisho, ungo mapajani. Nilisubiri apige kelele, aite watu, na moyoni nilitamani iwe hivyo. Hakupiga.

"Mmejuaje jina langu?" aliuliza.

Ikabidi nimweleze la Jumapili. Nilieleza polepole, nikiogopa ataona namdhihaki. Nilipofika kwenye koti la kijivu aliweka ungo chini.

"Kitufe cha juu kipo?"

"Hakipo, mama."

"Nilimwambia avue nimshonee, akasema abiria wanangoja. Alionekanaje? Amekonda?"

"Amechoka tu, mama."

Akawa anaangalia njia inayopanda kutoka bondeni. Aliposema tena, sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo.

"Kwangu hajaja. Hata ndotoni hajaja. Kila nikilala naacha mlango bila komeo. Kumbe amekuja kwenu."

Baba Neema aliinama mpaka paji la uso likagusa ardhi. Mimi nilijifunika uso kwa kanga, nikaomba Mungu ile ardhi ifunguke. Nimeibiwa kwenye maisha yangu, nimezika mtoto, nimetukanwa barabarani. Sijawahi kuumia kama kwa sentensi ile. Tulimnyima mume wake, na hata alipopata nafasi moja ya kurudi, kazi yetu mbovu ndiyo iliyoichukua.

Hatukusamehewa, nisikudanganye. Hakusema ametusamehe wala hajatusamehe. Alitufungashia maharage ya njiani, kama mila inavyotaka kwa mgeni, na hayo maharage sikuweza kuyapika. Msimu wa kupanda ukifika huwa tunakwenda kumlimia shamba lake. Anatuelekeza mistari, anatupa maji. Hazungumzi nasi mambo mengine, na kila tukifika huniuliza neno moja tu: "Hajaja tena?" Namjibu, "Hajaja, mama."

Baba Neema bado ni fundi, lakini anafungua kila injini mbele ya mwenyewe, na kama beringi ya saizi haipo, anasema haipo, nenda. Wengi wanakwenda kweli. Mimi bado nakaa dukani. Mtu akiniuliza, "Mama, hii nzima?" namwambia subiri mwenye spana aje.

Wewe unayetafuta injini ya gari la marehemu baba yako, usinunue rangi, wala usinunue maneno matamu ya mama wa dukani. Simama pale mpaka sampo ifunguliwe, ushike beringi kwa mkono wako, uangalie mgongoni kwake. Anayekasirika ukimwomba hivyo, mwache na injini yake.

Na wewe unayeuza, unayepiga chuma kwa kiganja na kusema nzima: kuna mtu ataipandisha mlimani akiwa na neno lako peke yake.