Sumaku ya Pini Juu ya Mnara

Binti yangu mkubwa hufunga antena za redio. Watu huniuliza kama sioni haya mtoto wa kike kupanda minara. Nawajibu kwamba haya sina, hofu ninayo.

Kila akinunua konekta, vile vichwa vya kuungia waya wa antena, huzimimina juu ya meza yangu ya cherehani na kuazima sumaku ninayookotea pini. Konekta ya shaba haishikwi na sumaku. Ikinata, hicho ni chuma kilichopakwa mng'aro. Mvua chache tu inaota kutu, redio inakuwa bubu, naye inabidi apande tena. Mwaka jana alipanda tena kwa sababu hiyo, mnara umelowa, mguu ukateleza, akabaki akining'inia kwa mkanda. Tangu hapo nikisikia ngurumo huacha cherehani na kutoka nje kutazama mawingu.

Juzi alikuwa na kazi hospitalini, redio ya kuitia magari ya wagonjwa. Aliondoka asubuhi na kopo lake la konekta. Nikiwa nafagia chini ya meza, nikaiona sumaku, nikakumbuka. Jana yake nilikuta konekta mbili pembeni ya meza, kando ya sumaku, nikadhani kazisahau, nikazirudisha koponi. Kumbe ndizo alizozikataa.

Simu haikupokelewa. Nikabeba sumaku, nikatoka na ndala za nyumbani.

Nilimkuta yuko juu kabisa ya mnara wa hospitali, mdogo kama kunguru, wingu jeusi nyuma yake. Chini, kamba ilishikwa na mwenzake wa kazi, jitu la mwili wanaloliita Nanga.

"Bi mkubwa, umekuja kushona mawingu?"

Sikucheka. Nilipomweleza akataka kumwita kwa sauti, nami nikamziba mdomo kwa kiganja changu, na heshima zangu zote. Aliye juu hashtuliwi. Nikafunga sumaku kwenye kamba ya kupandishia vifaa, Nanga akaitikisa mara mbili, ishara yao ya kuvuta.

Kamba ikapanda. Nikaona kichwa cha binti yangu kikiinama, kikatulia. Akatazama chini, akaniona. Hakupunga mkono. Akaanza kubandua utepe aliokwisha kuuzungusha kuzuia maji, afunge konekta nyingine. Tone la kwanza likanigonga usoni, la pili, la tatu. Nanga naye akaacha mizaha.

Alipokanyaga ardhi mvua ilikuwa imeshika kweli. Akafumbua kiganja: konekta mbili zimeing'ang'ania sumaku kama kupe, moja bado ina gundi ya utepe.

"Nani alizirudisha koponi?"

"Mimi, mwanangu."

Akazibandua moja moja kwenye sumaku, akazitupa pipani. Kisha akasema kosa ni lake pia: aliziacha mezani badala ya kuzitupa, na asubuhi akaliamini kopo bila kupima. Akaingia kujaribu redio. Dereva mmoja alijibu kutoka mbali, sauti safi kana kwamba yumo chumbani.

Sumaku hakunirudishia. Ameitundika kwenye mkanda wake wa kupandia, na mimi pini zangu sasa naziokota kwa vidole.